KUOGELEA, BAISKELI NA MBIO: SAFARI YANGU YA KILOMITA 113

Wahenga walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi, msomaji mpendwa, maji nimeyafikia nikiwa na miaka kumi na sita, hapa hapa Githurai 45, mbali na bahari na mbali na ziwa. Nataka nikueleze mchezo uitwao triathloni, jinsi ninavyojiandaa, na mambo yanayonipitia akilini alfajiri wewe ukiwa bado umejifunika blanketi gubigubi.

Triathloni ni michezo mitatu inayofuatana siku moja: kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia. Ile ndefu ilianzia Hawaii, Marekani, mwaka wa 1978. Afisa wa jeshi la majini, John Collins, alitaka kumaliza ubishi: ni nani hodari zaidi, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Walianza watu 15, wakamaliza 12. Waliogelea kilomita 3.8, wakaendesha baiskeli kilomita 180, halafu wakakimbia marathoni nzima!

Siku hizi kuna nusu yake, Ironman 70.3. Mwaka wa 2022 ilifanyika kwa mara ya kwanza nchini Rwanda, mjini Rubavu, kando ya Ziwa Kivu. Hiyo ndiyo ninayoiota. Lakini mshiriki sharti awe ametimiza miaka 18, kwa hivyo nina miaka miwili ya kujiandaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Hebu tupige hesabu kwa kipimo cha mtaani. Kuogelea ni kilomita 1.9, yaani kukivuka kidimbwi cha mita 50 mara 38. Baiskeli ni kilomita 90: ni kama kutoka hapa Githurai hadi Thika, urudi, kisha uende Thika tena. Ukishuka, unakimbia kilomita 21.1, ambazo zitakupitisha Juja. Jumla ni kilomita 113. Hapo sasa!

Baiskeli yangu ni ya baba, Black Mamba isiyo na gia. Kila asubuhi kabla ya shule huitumia kubeba sukuma wiki ya mama kutoka sokoni hadi kibandani, nikipenya katikati ya mikokoteni, bodaboda na makanga wanaoita abiria. Jumapili huenda nayo hadi Ruiru na kurudi. Nimejifunza kuwa siri si nguvu bali mwendo ule ule. Nimejifunza pia kula njiani. Mwili huweka akiba ya sukari, iitwayo glikojeni, kwenye misuli na ini. Kwa kazi nzito akiba hiyo hutosha kama saa moja na nusu hadi mbili tu, basi usipokula kitu miguu hugoma. Wenye pesa hununua vyakula maalum. Mimi hubeba ndizi mbivu, na maji yenye sukari na chumvi kidogo.

Kukimbia nilidhani ni kazi rahisi. Si sisi ni Wakenya? Siku ya kwanza niliruka kutoka kwenye baiskeli nikatimua mbio kama swara. Kumbe misuli iliyozoea kuzungusha pedali haikubali kubadilika mara moja! Miguu ilikuwa matofali. Nilitembea hadi nyumbani, na makanga mmoja akanipigia kelele, "Kijana, si ungepanda tu gari?" Tangu siku hiyo huanza polepole.

Lakini yote hayo ni cha mtoto. Kazi ni maji. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alizama ndani ya timbo akiwa na umri kama wangu. Timbo ni shimo lililochimbwa mawe ya kujengea. Mvua ikinyesha hujaa maji, na juu huonekana yametulia tu. Kwetu neno "kuogelea" halikutajwa. Ndiyo maana nilianza kujifunza kwa siri, katika kidimbwi cha kulipia, kwa pesa nilizopata kwa kubebea watu mizigo.

Mwalimu wa kidimbwini alinifundisha mambo mawili. Kwanza, ukiinua kichwa miguu huzama, basi tazama chini. Pili, toa pumzi ukiwa ndani ya maji, ukigeuza uso uwe na kazi moja tu, kuvuta. Nilipobana pumzi kwa hofu, nilichoka kabla ya mita kumi. Kila nilipotumbukia nilimwaza mjomba, nikijiuliza kama ninamkosea mama.

Siri haidumu. Mama aliikuta kaptura mbichi mfukoni. Sikudanganya. Hakunipiga, Jumamosi iliyofuata alifunga kibanda, akaja kuketi kando ya kidimbwi, kikapu mapajani. Niliogelea mita 200 bila kusimama. Nilipotoka hakupiga makofi. Aliniuliza, "Baba, na hilo ziwa la Rwanda lina kina gani?"

Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 400. Nilimwambia ukweli. Nikamwambia pia kwamba waokoaji hukaa majini na vyombo vyao, na kwamba mtu huelea juu, hata kina kiwe mita 2 au 400. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi jifunze vizuri. Na usiniende timboni." Ruhusa ni hiyo.

Wenzangu, wapo wanaosema kuogelea si mchezo wetu. Wakumbuke kuwa Mkenya Jason Dunford alishinda dhahabu ya kuogelea katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka wa 2010. Mchezo ni wa aliyejifunza. Nawaomba nanyi mjifunze, lakini mahali penye mwalimu na mwokoaji. Timbo tuliachieni mvua.

Huenda nikafika Rubavu, huenda nisifike. Kesho saa kumi na moja alfajiri, ukiona Black Mamba ikipita na gunia la sukuma wiki, jua safari imeshaanza.