Ruzuku na Uandishi wa Habari za Wafanyakazi: Mtazamo kutoka Kau, Tana River

Utangulizi

Kau ni kijiji kilicho ukingoni mwa mto Ozi, juu kidogo ya Kipini, katika delta ya mto Tana. Katika karne ya 19 palikuwa bandari ya mtoni, na ni katika karne hiyo, wakati wa utawala wa Witu, ulipochimbwa mfereji wa Belezoni ili kuuunganisha Tana na Ozi. Masimulizi ya historia huwataja watawala wa zama hizo. Waliozamisha majembe matopeni hutajwa kwa nadra. Makala haya yanajadili suala linalofanana na hilo katika zama zetu: ni nani anayeandika habari za mtu wa kazi katika mahali kama Kau, na ni nani anayeugharamia uandishi huo? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ruzuku inaweza kuziba pengo lililopo, lakini manufaa yake hutegemea masharti yake na lugha inayotumika kuiomba na kuitumia.

Kwa nini habari za kazi hazifiki gazetini

Wakazi wa delta huishi kwa kilimo cha mpunga na matunda, uvuvi, ufugaji na vibarua. Maji ya chumvi yanapopanda mtoni na kuharibu mashamba ya mpunga, mkulima hulazimika kutafuta kibarua kwingine, mara nyingi bila mkataba wala bima. Hayo ni mambo ya kazi kwa maana kamili ya neno hilo. Hata hivyo, delta hii hupata nafasi kubwa katika vyombo vya habari wakati wa mafuriko au wa umwagaji damu, kama ilivyokuwa katika mapigano ya mwaka 2012 na 2013 yaliyoua zaidi ya watu 100. Amani ikirejea, waandishi huondoka.

Sababu kubwa ni ya kiuchumi. Gazeti huishi kwa matangazo na mauzo, na kijiji cha mtoni hakina wanunuzi wengi wala watangazaji. Isitoshe, waandishi wengi wa mashinani nchini Kenya si waajiriwa wa kudumu. Hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Nauli ya kutoka Garsen hadi Kipini, pamoja na gharama ya boti, hutoka mfukoni mwa mwandishi mwenyewe. Habari isipochapishwa, hasara ni yake. Kwa hiyo anayetarajiwa kuandika juu ya masaibu ya kibarua ni kibarua pia.

Pengo hili wakati mwingine huzibwa na taasisi nyingine. Mwaka 2005, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliendesha uchunguzi wa hadhara kuhusu viwanda vya chumvi vya Magarini, kusini mwa Tana River. Miongoni mwa yaliyosikilizwa ni malalamiko ya wafanyakazi kuhusu malipo na usalama kazini. Uchunguzi wa namna hiyo ni muhimu, lakini hufanyika mara moja na kufungwa. Mwandishi wa habari ndiye awezaye kurudi mwaka unaofuata kuuliza ni kipi kilichobadilika.

Ruzuku hufanyaje kazi

Ruzuku ni fedha zinazotolewa kwa kusudi maalumu bila sharti la kurejeshwa. Hutofautiana na mkopo, ambao hulipwa, na pia na tangazo, ambalo hununua nafasi ya kumsifu mtangazaji. Kwa kawaida mfuko hutoa mwaliko. Mwandishi huwasilisha pendekezo lenye mada, mpango wa utafiti na bajeti. Akikubaliwa, hutia saini mkataba, hulipwa kwa awamu, na mwishoni hutoa hesabu ya matumizi.

Afrika Mashariki ina mifano yake. Nchini Tanzania, Mfuko wa Vyombo vya Habari, ulioanza mwaka 2008, ulitoa ruzuku kwa waandishi binafsi na kwa vyombo vya habari, ukawaunganisha waandishi na walezi wenye tajiriba, na kuhimiza habari za vijijini. Nchini Marekani, Barbara Ehrenreich, aliyepata kufanya kazi za ujira mdogo ili aandike kuzihusu, alianzisha mwaka 2012 mradi wa kuwafadhili waandishi wa habari za umaskini na kazi. Mifano hii miwili inathibitisha kwamba upungufu wa fedha kwa habari za namna hii si tatizo la nchi maskini pekee.

Hata hivyo, wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Redio ya jamii ya Homa Bay, iliyoanzishwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, ilifungwa na serikali mwaka 1984. Chombo ambacho uhai wake umo mikononi mwa wengine huweza kuzimwa na hao hao. Ndiyo maana ruzuku nzuri huhitaji mipaka mitatu iliyo wazi. Kwanza, mfadhili asiwe na haki ya kuisoma wala kuihariri habari kabla haijachapishwa. Pili, msomaji aelezwe ni nani aliyegharamia kazi hiyo. Tatu, mfadhili asiwe mwajiri, wala chama, kinachoandikwa katika habari yenyewe. Bila mipaka hiyo, ruzuku hugeuka kuwa tangazo lililovaa kanzu ya habari.

Suala la lugha

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika moja kwa moja. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Na ikiwa mwajiriwa hajui kusoma au haelewi lugha ya mkataba, mwajiri anapaswa kuhakikisha kwamba ameelezwa kwa lugha anayoifahamu. Kifungu cha 37 nacho kinaeleza ni wakati gani kibarua aliyefanya kazi mfululizo huhesabiwa kuwa na haki za mwajiriwa wa kawaida. Sheria hii imeandikwa kwa Kiingereza. Kibarua wa delta, azungumzaye Kipokomo au Kiorma nyumbani na Kiswahili sokoni, hawezi kudai haki ambayo hajapata kuisikia.

Habari iliyoandikwa kwa Kiswahili, au kusomwa redioni, humfikishia haki hiyo. Lakini miito mingi ya ruzuku hutolewa kwa Kiingereza, na maombi hujazwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mwandishi aliye hodari wa kuandika mapendekezo mjini humshinda yule aijuaye njia ya Kau na lugha za watu wake. Asiyekuwapo na lake halipo. Katiba ya mwaka 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi mfuko unaotaka kumfikia mfanyakazi una kila sababu ya kupokea maombi kwa lugha hiyo.

Kazi ya istilahi nayo ingalipo. Maneno kama ujira, mshahara, marupurupu, posho na kiinua mgongo hutumiwa ovyo magazetini kana kwamba yana maana moja, ilhali tofauti zake huweza kumpatia au kumnyima mtu haki yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba habari za wafanyakazi wa Kau na vijiji vinavyopakana nacho hukosekana kwa sababu ya gharama, na kwamba ruzuku huweza kuondoa kikwazo hicho iwapo uhuru wa mhariri utalindwa na Kiswahili kitapewa nafasi tangu hatua ya maombi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza na mambo mawili yasiyohitaji mfadhili: kufasiri vifungu vya sheria za kazi kwa lugha nyepesi, na kuwasaidia waandishi wa mashinani kuandaa maombi yao. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli. Lakini mkono wenye kalamu si mtupu.