Nani Kasema Sungura Hanywi Maji?

Nilikuwa nimefuata chakula cha samaki wa binti yangu. Duka lenyewe lina matangi ya samaki upande mmoja, njiwa na chiriku upande wa pili, na sungura wamewekwa mlangoni, juani, kwa sababu sungura ndio wanaovuta watoto. Nikahesabu tisa ndani ya kitundu ambacho ningeweza kukibeba kwapani. Sakafu ilikuwa wavu mtupu. Kwenye kona kulikuwa na kopo la pumba. Chombo cha maji sikukiona.

Nikamuuliza kijana wa dukani maji yako wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mbuzi anavaa viatu namba ngapi.

"Mama, sungura hanywi maji. Akinywa anaharisha, anakufa."

Mimi ni daktari wa mifugo, na siku ile nilifanya kosa ambalo nimewaona wapenda wanyama wengi wakilifanya. Nilipandisha sauti. Nilitaja sheria, namba yake na mwaka wake, mbele ya wateja wawili na mama muuza karanga wa pale nje. Kijana akasema, "Sawa dokta, tumekuelewa." Wiki iliyofuata nilipita tena, mlangoni hapakuwa na sungura. Nikafurahi kwa dakika kama mbili, mpaka nilipouliza. Walikuwa wamehamishiwa stoo ya nyuma: kitundu kilekile, kopo lilelile la pumba, maji hakuna, na sasa hata upepo hakuna. Mteja akiuliza, anatolewa mmoja. Kelele zangu ziliwaondolea wapita njia kero ya kuwatazama, basi.

Tangu hapo nimejifunza kulalamika upya. Lalamiko linalomfaa sungura ni lile ambalo mwenye duka anaweza kulifanyia kazi kabla hajafunga mlango jioni ileile. Na ili ulijue, lazima kwanza umjue huyo mnyama.

Tuanze na hayo maji, maana imani hii nimeikuta kila ninapokwenda, hata kwa wafugaji wenye mabanda makubwa. Haikuzuka hewani. Babu aliyefuga sungura kijijini aliwakatia majani mabichi asubuhi na jioni: matembele, mchicha pori, majani yenye umande. Sehemu kubwa ya jani bichi ni maji, hivyo sungura wake walikuwa wanakunywa kwa kutafuna, na yeye hakuwahi kuwaona wakiinamia bakuli. Alichokiona kilikuwa kweli. Kilichobadilika ni chakula. Sungura wa dukani mjini anapewa pumba, au punje kavu za kiwandani, na majani machache ya kabichi yaliyonyauka. Sungura wa kilo 2 anayekula chakula kikavu anaweza kunywa karibu robo lita kwa siku, na joto likizidi anavuka hapo.

Akikosa maji haoni kiu tu. Anaacha kula, na hapo ndipo hatari inapoanza. Tumbo la sungura ni kama mtambo wa kuchachusha: majani yanasagwa na meno, yanapita tumboni, kisha yanafika kwenye kifuko kikubwa cha utumbo chenye mabilioni ya bakteria wanaoyamalizia. Mtambo huo hauna kituo cha mapumziko. Unahitaji kusukumwa mbele na nyuzinyuzi za nyasi mchana na usiku. Chakula kisipoingia, utumbo unapunguza mwendo, unajaa gesi, unauma, na maumivu yenyewe yanamfanya akatae zaidi kula. Kutapika hawezi, maumbile yake hayamruhusu. Ndiyo maana mtu akinipigia simu kwamba sungura wake hajagusa chakula kwa saa 12, simwambii asubiri kesho.

Kuhusu kuharisha, kijana hakuwa muongo kabisa. Maji machafu kwenye kopo lililochanganyika na kinyesi yanaeneza vijidudu vya koksidia, na vitoto vya sungura vinakufa navyo upesi. Lakini dawa ya maji machafu ni maji masafi.

Sungura wa hadithi zetu, yule anayemzungusha Fisi na kumtia Simba shimoni, ni sungura wa porini. Watoto wake wanazaliwa na manyoya, macho wazi. Huyu wa dukani ni jamaa mwingine: wazee wake wametoka Hispania na Ureno, anazaliwa uchi na kipofu, na ujanja wake wote ni mmoja, kutoonyesha kwamba anaumwa. Mnyama anayeliwa na kila mwenye meno hajitangazi akichechemea. Kwa hiyo muuzaji anaposema "wote wazima hawa, wametulia tu," mara nyingi hadanganyi. Ametazama, na hakuona.

Ukitaka kuona, omba ushikiwe mmoja, utazame upande wa ndani wa miguu yake ya mbele. Sungura mwenye mafua anajifuta pua kwa viganja kama mtoto, na manyoya ya hapo yanashikana kwa makamasi yaliyokauka. Pua unaweza kuikuta safi, kwa sababu ameshaifuta, lakini miguu inamsema. Kisha tazama nyayo za nyuma. Sungura hana zile pedi laini za chini ya mguu alizo nazo mbwa au paka, anakanyagia manyoya. Akikaa wiki kadhaa juu ya wavu mtupu, manyoya yanaisha, ngozi inakuwa nyekundu, mwishowe kidonda kinachofika mfupani. Tazama kidevu: kikiwa kimelowa mate, yawezekana meno yamepishana. Meno ya mbele yanaota takriban milimita 2 kila wiki, maisha yake yote, na kinachoyasaga ni nyasi, siyo pumba. Ndani ya masikio, ukiona magamba ya kahawia yaliyopangana kama ukoko wa wali, huo ni utitiri. Na chini ya kitundu tafuta kinyesi. Kinyesi cha afya ni vidonge vya mviringo, vikavu, ukubwa wa punje ya kunde. Vikiwa vidogo na vichache, kuna asiyekula humo.

Muuzaji akimtoa kwa kumshika masikio, hilo nalo ni la kusema papo hapo, lakini kwa upole. Masikio ya sungura ni rejeta yake, yamejaa mishipa ya damu ya kupoza mwili, siyo mpini. Tena mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ni mizito. Akirusha teke akiwa ananing'inia anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio. Nimeshawaonyesha vijana wengi, na sijampata aliyechukia. Watu wanapenda kufundishwa ufundi kuliko kuhukumiwa.

Joto ni jambo la pekee kwetu. Sungura anastarehe kwenye nyuzi 15 hadi 20 hivi. Dar es Salaam mwezi wa Januari na Februari tunavuka 30 kabla ya chakula cha mchana. Hana jasho la kumsaidia, na kuhema kwake hakufiki kwa mbwa. Akiwa ametulia anapumua mara 30 hadi 60 kwa dakika. Ukiona mbavu zinatetemeka kiasi cha kutohesabika na pua imetanuka, kile kitundu kinatakiwa kutoka juani sasa hivi, siyo baada ya mazungumzo. Chupa ya plastiki ya maji yaliyogandishwa, imeviringishwa kitambaa na kulazwa kitunduni, ni dawa ya bei ya bure. Mwenye jokofu la kuuzia soda anazo tayari.

Sasa turudi dukani, kwa kuwa mimi nilirudi. Safari hii nilikwenda saa 3 asubuhi, kabla wateja hawajaanza, na sikumtafuta kijana. Kijana hana uwezo wa kununua hata bakuli. Nilimuulizia mwenye duka, nikamkuta mama wa makamo anapiga hesabu za jana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye yule dokta wa kelele?"

Nikakiri. Akacheka, na kicheko kile kilinisaidia kuliko cheti changu cha usajili. Sikumtajia mambo tisa. Nilimuuliza wiki iliyopita walikufa wangapi. Akanyamaza kidogo, akasema watatu. Nikamwambia: "Mama, jaribu maji tu. Bakuli la udongo, zito, lisipinduke, libadilishwe asubuhi na jioni. Nitakuja Jumamosi." Nilimwomba pia fungu moja la nyasi kila siku, kwa kuwa vijana wanaokatia ng'ombe nyasi wanapita mtaa huohuo. Wavu, msongamano, stoo, vyote nilivimeza. Vilinikaa kooni, lakini nilivimeza.

Najua wapo watakaoniona mlegevu. Wataniuliza kwa nini sikuwanunua wote tisa siku ya kwanza nikawaokoa. Nimewahi kufanya hivyo ujanani, na najua kilichofuata: Jumatatu kitundu kilijazwa upya. Kwenye daftari la duka hakuna safu ya huruma, kuna mauzo. Tena wengi wanaonunuliwa kwa huruma ni wale wa wiki 4 au 5, wanaopendeza kama pamba, ambao walipaswa kuwa bado wananyonya. Mimi nashikilia wiki 8. Anayetenganishwa na mama mapema zaidi anaingia kwenye pumba na tumbo ambalo bado halijawa tayari, na huko nyumbani watoto wanalia siku ya nne. Jimbo la California, mwaka 2019, lilianza kuzuia maduka kuuza mbwa, paka na sungura wasiotoka kwenye vituo vya kuokolea wanyama. Ni wazo zuri kwa mahali penye vituo hivyo. Kwetu bado tunaongea na mama mwenye duka.

Onyo moja hapa, kwa sababu jambo hili linaua kuliko wavu. Ukishamchukua sungura mgonjwa, au muuzaji akikuambia anamtibu mwenyewe, uliza anampa nini. Kapsuli ya amoksilini iliyofunguliwa na kumiminwa kwenye chakula, dawa ileile inayomponya mtoto kikohozi, inaangamiza bakteria wema wa ule mtambo wa tumboni na kuwaacha wabaya watawale. Sungura anakufa baada ya siku chache, na kila mtu anasema ugonjwa ulimzidi.

Kuna maduka ambayo upole hauyafikii. Umekwenda mara mbili, mara tatu, umeongea na mwenye mali, na hali ni ileile. Hapo sheria ina kazi yake. Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Kenya wanayo Sura ya 360, ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kwa kawaida mlango wa kuanzia kwetu ni bwana mifugo wa kata, na ukiwa Nairobi unaweza kwenda kwa KSPCA, chama cha kulinda wanyama. Lakini usiende na hasira mkononi. Ukiandika "duka lile ni la kikatili sana," bwana mifugo atatikisa kichwa na kuweka karatasi chini ya nyingine. Andika hivi: "Jumamosi saa 8 mchana, sungura 9 kwenye kitundu kimoja juani, hakuna chombo cha maji, wawili wana vidonda miguuni. Nilimweleza mwenye duka siku hiyo. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, hali haijabadilika." Hiyo mtu anaweza kupanda nayo pikipiki akaenda kuikagua.

Ukikosa kipimo cha nafasi, tumia cha zamani. Kamati ya Profesa Brambell, Uingereza, mwaka 1965, ilisema mnyama wa kufugwa awe angalau na uwezo wa kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kwa sungura naongeza mawili: asimame wima masikio yasiguse juu, na aruke hatua tatu bila kugonga ukuta. Ni kiwango cha chini mno, na bado vitundu vingi vya mjini vinafeli.

Kuhusu kurekodi video na kuirusha kwenye makundi ya simu, mimi simo. Kuaibisha duka kumeshaniuma mara moja. Duka linaloaibishwa linajifunza kuficha, na stoo za nyuma ni nyingi.

Jumamosi nilirudi kama nilivyoahidi. Sungura walikuwa wamerudishwa mbele, chini ya kivuli cha turubai, na ndani ya kitundu kulikuwa na bakuli la udongo, lile la kuuzia mtindi, limejaa nusu. Mmoja mweupe alikuwa amekunja masikio nyuma, anakunywa bila kuinua kichwa. Kijana alikuwa anamhudumia baba mmoja aliyekuja na mwanawe, na nikamsikia akisema kwa sauti ya mtaalamu, "Huyu mzee usimnyime maji. Anakunywa kuliko kuku."

Wavu bado upo. Nimemwambia mama kuna fundi seremala jirani yangu ana mabaki ya mbao, yanatosha kufunika nusu ya sakafu. Amesema nipite tena mwisho wa mwezi, biashara ikikaa vizuri.