Misingi ya Kuwalinganisha Wasanii wa Kufokafoka: Mfano wa Mombasa Bara

Ushindani wa wasanii wa kufokafoka aghalabu hukatwa kwa swali moja: nani mkali zaidi? Jawabu lake halimtoshelezi mchambuzi, kwani halielezi kama ukali huo umo katika vina, katika hoja au katika jibu. Makala haya yanaifafanua misingi hiyo mitatu.

1. Vina. Mombasa bara si eneo la lahaja moja. Likoni, ng'ambo ya kivuko, Kiswahili kinapakana na Kidigo. Kisauni wanaishi pamoja Waswahili na Wamijikenda. Changamwe, penye reli na viwanda, imepokea wafanyakazi kutoka pande nyingi za Kenya. Msanii afuataye Kimvita husema nti, wala si nchi. Kwake nti na binti ni kina kamili. Mchambuzi anayenakili kwa Kiswahili sanifu huandika nchi, kisha humlaumu mtunzi kwa kuvunja kina ambacho amekivunja mwenyewe. Kinyume chake pia hutokea. Kuteka kwa maana ya kucheka na kuteka maji huandikwa sawa, lakini Kimvita hutamka t ya kwanza kwa meno na ya pili kwa ufizi. Karatasi humsifu mtunzi pale ambapo sikio la mwenyeji lina shaka.

2. Hoja. Majigambo ni utanzu wenye heshima katika fasihi simulizi, hivyo kujisifu peke yake si kasoro. Kasoro ni sifa isiyokuwa na tendo wala tukio la kuithibitisha. Msanii hodari wa vina huweza kuuficha udhaifu huu kwa muda, na mwenye hoja nzito huweza kuangushwa na mapigo yasiyolingana na pumzi yake.

3. Jibu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi juu ya uhasama wa miji yao. Katika malumbano ya namna hiyo, tusi kubwa si ushindi. Ushindi ni kuitwaa taswira ya mpinzani na kuigeuzia upande wa pili. Basi anayejibu na anayeimba peke yake hawapimwi sawa kwa kipimo hiki.

Yafaa ikumbukwe kuwa kambi mbili zaweza pia kuungana. Ukoo Flani wa Mombasa na Kalamashaka wa Dandora, Nairobi, walikutana katika Ukoo Flani Mau Mau, waliotoa albamu ya Dandora Burning mwaka 2006. Kiswahili cha Pwani na Sheng ya Nairobi haviwezi kusahihishwa kwa kalamu moja.

Kwa hiyo hukumu yoyote haina budi kutaja kipimo chake, na utungo usikilizwe katika lahaja yake kabla ya kuandikwa. Bila hivyo, kinachopewa alama ni tahajia ya mchambuzi, si sanaa ya mtunzi.