Mapenzi ya runingani na ng'ombe watatu wa Namatala

WATU wakikutana nami sokoni hapa Mbale hawaanzi na habari za nyumbani. Wanauliza: "Dada, wale wawili wa wiki iliyopita wameoana kweli?" Nikijibu kwamba sijui, wanacheka na kunipiga bega, kana kwamba nawaficha siri. Ukweli ni kwamba mara nyingi sijui. Naendesha kipindi cha kutafuta wachumba kwenye runinga, na kazi yangu inakwisha pale mpiga picha anapofunika kamera yake. Yanayofuata ni ya wenyewe na wazee wao.

Kazi hii nimeifanya kwa miaka kadhaa, na vipindi vya aina hii nimevitazama tangu vilipoanza kuvuma kwetu. Wasomaji wa makamo watakumbuka mwaka 2003, Big Brother Africa ilipofunguliwa Afrika Kusini na kijana wetu Gaetano Kagwa akaingia ndani ya ile nyumba. Hakikuwa kipindi cha wachumba, lakini mitaani hakuna aliyezungumza jambo lingine ila Gaetano na Abby Plaatjes wa Afrika Kusini. Viongozi wa dini walikasirika. Huko Malawi wabunge walipiga kura televisheni ya taifa isikionyeshe. Zawadi ya dola 100,000 ilikwenda kwa Cherise Makubale wa Zambia, na Mwisho Mwampamba wa Tanzania akawa wa pili. Gaetano alirudi bila zawadi ile, lakini redio na runinga zilimpokea kwa mikono miwili. Vijana wengi wakajifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kulifundisha: kwamba kupendana mbele ya kamera kunaweza kuwa ajira.

Mwisho alirudi katika nyumba hiyo mwaka 2010, akamvisha pete Meryl Shikwambane wa Namibia huku Afrika nzima ikitazama. Nakumbuka mama mmoja jirani yetu aliuliza kwa uchungu wa kweli: "Sasa mshenga wake ni nani? Kamera?"

Swali lile sijalisahau.

Baadaye vikaja vipindi vya taa. Huko China mwaka 2010 televisheni ya Jiangsu ilianzisha kipindi cha wanawake 24 waliosimama kila mmoja na taa yake. Mwanamume anaingia, anajieleza, na asiyempenda anazima taa. Ndugu zake tumewaona hapa kwetu, kama Hello Mr. Right ya StarTimes iliyotengenezwa Tanzania na Kenya. Wakenya walikuwa pia na Tujuane ya KTN, ambamo watu wasiofahamiana walikutanishwa mezani wale chakula huku nchi nzima ikihesabu makosa yao.

Katika kile cha China kulitokea jambo ambalo wafanyabiashara wa mpakani watalielewa haraka. Kijana mmoja alimwuliza Ma Nuo, mmoja wa wasichana waliosimama pale, kama angekubali kupanda naye baiskeli. Akajibu kwamba ni afadhali alie ndani ya BMW. Nchi ilichafuka, na Juni mwaka huohuo serikali ikatoa amri kwa vituo vya televisheni kupunguza udanganyifu na kuabudu pesa. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilifikiria Busia na Malaba, ambako boda boda ilianza kwa baiskeli, ikibeba watu na mizigo yao kutoka kizuizi kimoja hadi kingine. Ni wanawake wangapi wa kwetu waliolelewa, wakasomeshwa na kuolewa kwa jasho la kiti kile cha nyuma? Msichana yule angekuja Busia angepewa jibu hapohapo barabarani.

Usaili wa Namatala

Mwaka jana wakubwa wangu walitaka sura mpya. Walichoka na vijana wa mjini wanaokuja na miwani ya jua saa mbili usiku. Nikapendekeza Namatala.

Kwa asiyepafahamu, Namatala ni mtaa ulio pembeni mwa jiji la Mbale, karibu na mto wenye jina hilohilo na bonde la mpunga. Wapo Wagisu, Wateso, Wagwere, Wakaramoja waliohama kwa njaa na vita vya mifugo, na Waluhya waliovuka kutoka Kenya wakasahau kurudi. Wanawake wengi huko wanapika pombe, wanaanika mpunga, wanabeba mizigo. Mvua kubwa ya usiku wa Julai 30, 2022 ilipojaza mito ya Nabuyonga na Namatala, watu zaidi ya 20 walikufa Mbale na vitongoji vyake, na nyumba nyingi za mabondeni zilikwenda na maji.

Tuliweka meza katika ukumbi mmoja mdogo. Tulidhani watakuja watu 20. Ilipofika saa nne asubuhi foleni ilikuwa imezunguka jengo. Tulitumia Kiswahili, maana ndicho pekee ambacho foleni yote ilikielewa. Si Kiswahili cha Unguja. Ngeli zetu huku ni chache na hakuna anayezililia.

Wanaume walinichekesha. Kijana wa boda boda alisema anataka mke asiye na simu. Mwingine alitaka mwanamke aliyerudi kutoka Saudia au Oman, "kwa sababu ana nidhamu". Nyuma yake alikuwa amesimama dada aliyerudi kweli kutoka Uarabuni baada ya miaka minne ya kufanya kazi za ndani. Akamwambia bila kuinua sauti: "Sema unataka akiba yangu, kaka. Nidhamu unayo nafasi ya kujifunza mwenyewe." Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na mwongozaji wangu akaninong'oneza kwamba huyo lazima awemo. Dada mwenyewe alikataa kujaza fomu. Alikuja, alisema, kutuangalia tu.

Akaja mzee mmoja wa miaka hamsini na kitu, mkewe alichukuliwa na yale mafuriko. Alisimulia kwa sentensi tatu, akanyamaza. Mwongozaji alinionyesha ishara ya vidole nimrudishe pale pale, kwa maana machozi hayakuwa yametoka vizuri. Sikumrudisha. Nilimwuliza anapenda kupika nini, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema, "Binti, mimi ni fundi wa kisamvu." Hicho ndicho watazamaji walichokiona, na kwa maoni yangu kinamweleza zaidi kuliko machozi.

Hapa niseme jinsi kazi inavyokwenda, maana wengi hudhani wanaona maisha yenyewe. Siku moja tunarekodi vipindi vitatu au vinne, watu wakibadilisha nguo chooni. Mazungumzo ya saa mbili yanakatwa yabaki dakika nane. Kucheka kwako kwa saa tano kunaweza kubandikwa kwenye jibu la saa tisa. Na ile fomu unayosaini huku unatetemeka inakipa kituo ruhusa ya kutumia sura yako watakavyo, mara nyingi bila kikomo cha muda. Msomaji unayezoea kusoma risiti za forodha mstari kwa mstari, isome na hiyo hivyohivyo.

Swali la mama wa vitunguu

Mchana akafika mama wa miaka thelathini na mitano hivi, anayenunua vitunguu na kabichi kutoka milima ya Bugisu na kuvivusha Lwakhakha hadi soko la Chwele, upande wa Kenya. Alikuwa mchangamfu, mwenye majibu ya haraka, kamera ilimpenda. Nilipomsogezea fomu aliishika, akaigeuza, akaniuliza:

"Dada mtangazaji, kabla hamjaniwashia taa, naomba kujua. Mimi ni huru?"

Akaeleza. Aliolewa kimila; baba yake alipokea ng'ombe watatu na mbuzi. Mume alikuwa mtu wa ngumi. Baada ya miaka saba akaondoka na watoto wawili, akaja Namatala kupanga chumba. Tangu hapo familia ya mume inawaambia kaka zake: rudisheni ng'ombe, vinginevyo huyo bado ni wetu. Kaka hawana ng'ombe. Kila akipata mtu wa maana, mtu huyo anaambiwa kwamba anachezea mke wa wenyewe, naye anakimbia. "Nikionekana kwenye runinga natafuta mchumba," alisema, "si watakuja kwa kaka zangu na mapanga?"

Katika miaka yangu yote ya kuuliza watu wanapenda rangi gani na chakula gani, hakuna aliyewahi kuniuliza swali zito kama hilo. Niliomba kamera izimwe.

Nilimwambia ninachokijua. Shirika la Mifumi, lililoanzia Tororo hapa jirani, lilifungua kesi ya mahari mwaka 2007. Mahakama ya Katiba iliitupa mwaka 2010. Wakakata rufaa, na Agosti 6, 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ikatoa uamuzi: mahari yenyewe haivunji katiba, lakini desturi ya kudai irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha katiba, kwa sababu inamnyima mwanamke usawa na utu wake. (Ndugu zangu Waislamu wa Mbale hunikumbusha kila mara kwamba kwao mahari ni mali ya mke mwenyewe. Ni kweli, hapa nazungumzia ng'ombe wa kimila wanaokwenda kwa baba.)

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba deni la miaka minane lilikuwa limefutwa tangu zamani na hakuna aliyempelekea barua. "Mwaka 2015?" aliuliza. "Mimi niliondoka baada ya hapo. Ina maana hawakuwa na haki hata siku moja?"

Hawakuwa nayo. Lakini nilimwambia na upande wa pili. Hukumu hiyo ni ya Uganda. Akivuka Lwakhakha na kuolewa Bungoma atakuta sheria nyingine. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema penye desturi ya mahari, kiasi kidogo tu cha ishara kinatosha kuthibitisha ndoa. Wabukusu wa kule na Wagisu wa huku ni watoto wa babu mmoja, wanatahiri kwa desturi zinazofanana, lakini mahakama zao hazitambui undugu huo. Wanaooana kuvuka mpaka wajue wamesimama upande gani wa daraja. Na hukumu ya Kampala haimzuii mtu mwenye panga kijijini usiku. Ndiyo maana nilimshauri aanze kwa mwenyekiti wa LC1 na wazee wa ukoo, kaka zake wakiwepo, yote yaandikwe na kusainiwa, kabla ya kufikiria kipindi changu.

Mwongozaji hakufurahi. Alisema nimepoteza mtu bora wa siku nzima. Inawezekana.

Watu wananiuliza kama vipindi hivi vinaharibu ndoa. Sidhani vina nguvu hiyo. Tazama Zari Hassan, mzaliwa wa Jinja, ambaye Februari 14, 2018 alitangaza kwenye Instagram kwamba ameachana na Diamond Platnumz; mwaka 2022 wote wawili wakaonekana Netflix katika Young, Famous & African, wakitaniana mbele ya dunia. Kilichowaachanisha na kinachowaunganisha, yaani watoto wao wawili, vilikuwepo kabla ya kamera. Lawama yangu kwa vipindi vyetu ni nyingine. Vinamwonyesha mtu kama vile hana baba, hana kaka, hana deni, hana watoto waliobaki kwa bibi. Anasimama peke yake na taa yake. Namatala hakuna mtu wa namna hiyo, na kwa waliorudi kutoka ng'ambo ni vivyo hivyo: mwanamke anashuka Entebbe na sanduku moja, lakini nyuma yake kuna orodha ya watu wanaongoja.

Wananiuliza pia kama mimi nimeolewa. Niliolewa, na mume wangu ametangulia mbele ya haki. Tulikutana Malaba kwenye foleni ya uhamiaji, alinishikia mfuko nikatafute karatasi zangu, na wazee wetu walibishana miezi sita. Shangazi yangu alimhoji kwa ukali ambao sijawahi kuuona studio. Alimwuliza nani atakayemzika. Jaribu kuuliza swali hilo kwenye kipindi cha Jumamosi jioni.

Mama wa vitunguu alinipigia simu baada ya wiki mbili, akiwa kwenye lori njiani kuelekea Lwakhakha. Nilisikia watu wakigombania nafasi juu ya magunia. Kaka zake walikwenda. Mwenyekiti wa LC1 aliwasomea uamuzi wa mahakama kutoka kwenye karatasi niliyomchapia. Wazee wa upande wa mume walikubali kwamba ng'ombe wamekwisha, ila wanaomba mbuzi mmoja, si kama deni, kama heshima. Kaka mkubwa yuko tayari kumtoa ili yaishe. Yeye mwenyewe hataki.

"Nikitoa mbuzi," aliniambia, "nimekubali kwamba nilikuwa wa kununuliwa. Wewe unaonaje, dada?"

Nilimwambia kaka yake ndiye anayelala jirani nao, amsikilize na yeye. Akasema atafikiri, lori likaingia bonde, simu ikakatika. Fomu yake iko kwenye droo yangu, haijasainiwa.