Dawa za akili: Mgonjwa aulizwe kabla ya kuandikiwa

Mgonjwa wa skizofrenia akiacha dawa, lawama zote humwangukia yeye: mbishi, hataki kupona. Mara nyingi kisa ni kingine. Alipewa dawa bila kuelezwa itamfanya nini mwilini. Ikamkaza misuli, naye akaamua peke yake kuitupa.

Haloperidoli, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na kusikia sauti zisizokuwepo. Lakini dopamini hiyohiyo huongoza mwili unapojongea. Ikizuiwa mno, misuli hukakamaa, mikono hutetemeka, miguu haitulii. Wapo wanawake ambao hedhi hukatika. Olanzapini, iliyokuja baadaye, haikazi misuli sana, ila huongeza uzito na sukari katika damu.

Ndiyo maana dawa inayomfaa mmoja humtesa mwingine. Fundi cherehani anahitaji mikono iliyotulia. Mwenye kisukari ana sababu ya kuihofia olanzapini. Mwanamke anayetarajia kuzaa aambiwe wazi kwamba valproeti, inayotumika kutibu ugonjwa wa akili wa bipola, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Daktari anaijua dawa. Maisha ya nyumbani na kazini anayajua mgonjwa.

Kikwazo cha kwanza cha kumshirikisha mgonjwa kuchagua ni akiba ya dawa. Olanzapini na risperidoni zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lakini kituo chenye haloperidoli peke yake hakimwachii mtu cha kuchagua. Cha pili ni upungufu wa watumishi. Takwimu za WHO za mwaka 2020 zilionyesha Afrika ina watumishi wa afya ya akili wasiofika 2 kwa kila watu 100,000, huku kiwango cha kati cha dunia kikiwa 13. Foleni ikiwa ndefu, maelezo ya madhara ya dawa ndiyo hukatwa kwanza.

Cha tatu ni sisi ndugu. Tunaingia naye kwa daktari, tunamjibia, tunapokea maelekezo, yeye amekaa kama mzigo uliosindikizwa.

Mwaka 2022 Kenya ilirekebisha sheria yake ya afya ya akili na kutambua haki ya mgonjwa kushiriki kupanga matibabu yake. Ni hatua kubwa, ila sheria haimnyamazishi ndugu anayemsemea.

Ni kweli, ugonjwa unaweza kupanda hadi mtu asiweze kuamua. Akitulia, aulizwe na iandikwe kwenye faili: dawa ipi ilimsaidia, ipi ilimtesa, nani aitwe hali ikibadilika.

Ukienda kliniki, uliza: Dawa hii itanifanya nini? Ipo nyingine? Ikiniudhi nirudi lini? Usiiache ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu, rudi ukaseme. Na mtumishi wa afya ayapokee malalamiko hayo kama taarifa ya kitabibu, kwa kuwa dawa humsaidia tu yule anayekubali kuendelea kuimeza.