Riwaya za Ujana (3): Njama ya Cécile

Wiki iliyopita tulikuwa na Colette, ambaye riwaya yake ya kwanza, Claudine à l'école, ilitoka mwaka 1900 ikiwa na jina la mumewe jaladani. Leo tumfikie binti aliyejichagulia jina mwenyewe. Françoise Quoirez alikuwa na miaka 18, amefeli mtihani Sorbonne, pale kampuni ya Julliard ya Paris ilipomchapishia Bonjour tristesse mwaka 1954. Kisheria alikuwa bado mtoto, kwani utu uzima Ufaransa ulianza miaka 21. Jina la Sagan alilitoa kwa Marcel Proust.

Msimulizi, Cécile, ana miaka 17. Yuko likizoni kando ya Mediterania na babake Raymond, mgane mpenda starehe, aliyekuja na kimwana wake Elsa. Kisha anafika Anne, rafiki wa marehemu mama, mwanamke mwenye akili na staha. Raymond anamtupa Elsa na kutangaza ndoa. Anne anamtaka Cécile adurusu masomo aliyofeli, na amwache kijana Cyril. Binti anaona raha zake zinakatizwa, anasuka njama: Elsa na Cyril wajifanye wapenzi, wapitepite mbele ya Raymond mpaka wivu umtafune.

Unamtafuna kweli. Anne anamfuma na Elsa, anaondoka akilia, na gari lake linatumbukia korongoni. Sagan hathibitishi kama alijiua. Anawaachia baba na binti nafasi ya kuamini kuwa ni ajali. Wala hamletei Cécile adhabu yoyote, si mimba, si aibu, si ndoa ya kulazimishwa. Hilo liliwaudhi wengi wakati ule, ingawa kitabu kilitunukiwa Prix des Critiques mwaka huohuo. François Mauriac, katika Le Figaro, alikisifu kipaji cha mwandishi huku akimwita zimwi dogo la kuvutia.

Kashfa hiyo imeshachuja. Kilichobaki, kwangu, ni Anne. Ukikisoma ukiwa kijana utamwona kero. Ukikisoma na miaka yako arobaini na ushei, kama yeye, utagundua kuwa ndiye pekee aliyempenda Cécile kiasi cha kumkataza jambo. Na Sagan aliliona hilo akiwa na miaka 18!

Otto Preminger aliitengeneza filamu mwaka 1958, Jean Seberg akiwa Cécile: Paris kwa rangi nyeusi na nyeupe, kiangazi kwa rangi kamili. Someni kitabu kwanza; ni kifupi.