Alama ya Reli Haizimi Makro

Swali linalonifikia kutoka Iyula, Vwawa na Tunduma ni lilelile: “Mwalimu, mstari nimeufunga kwa alama ya reli, mbona rpmbuild bado inautekeleza?” Hujaufunga.

Kwenye Python na Bash, kinachofuata reli (#) ni maelezo matupu. Wengi wanaihamisha kanuni hiyo kwenye faili la spec, lile linaloielekeza RPM namna ya kujenga kifurushi cha programu, na hapo ndipo wanapopotea. Rpmbuild hupanua kwanza kila makro yenye alama ya asilimia, hata iliyo nyuma ya reli. Ukiandika `# %global toleo 2.0`, toleo linakuwa 2.0, utake usitake. `#%configure` ni mbaya zaidi: makro hiyo hupanuka kuwa mistari mingi, reli inaukinga wa kwanza tu, na iliyobaki inaingia kwenye skripti na kuendeshwa.

Kisha inakuja dawa ya vijiweni: weka reli mbili, weka tatu, acha nafasi katikati. Acheni! Jaza reli mstari mzima ukitaka, makro itapanuliwa vilevile, kwa kuwa upanuzi hautazami idadi ya reli. Matoleo ya karibuni ya RPM hata huonya waziwazi, `Macro expanded in comment`, na watu wanalipuuza onyo kwa sababu kifurushi kimekamilika. Kukamilika si ushahidi wa usahihi. Kifurushi chenye chaguo ulilodhani umelizima kitasakinishwa kwenye kompyuta ya zahanati au shule, na wanaoitumia hawana namna ya kujua.

Fanya hivi. Makro moja: asilimia mbili, `# %%configure`. Mstari mzima: `%dnl`, iliyoingia na RPM 4.15 mwaka 2019. AlmaLinux 9 inayo. CentOS 7, iliyokoma kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2024, ina RPM 4.11 isiyoijua. Fungu zima: `%if 0` juu, `%endif` chini, ya katikati hayapanuliwi. Kila `%if` ya ndani iwe na `%endif` yake, na `%endif` ikae peke yake kwenye mstari, bila maelezo mbele yake. Usichokihitaji tena kifute, Git inakitunza. Kabla ya kujenga, endesha `rpmspec -P` usome faili lilivyo baada ya kupanuliwa. Makro ikiwa imepanuka pale, hujaizima.